Kakejiku yenye viumbe wa baharini: namna ya kuisoma, kuitundika na kuitunza

Pengine umepewa zawadi na mgeni wa Kijapani, pengine umeinunua mtandaoni kwa bei ya jozi ya viatu, au umeikuta kabatini kwenye nyumba uliyopanga huko Osaka. Ni kisanduku chembamba cha mti mwepesi, na ndani yake kuna mviringo wa hariri na karatasi uliofungwa kwa utepe. Unaukunjua na pweza anakukodolea macho. Hiyo ni kakejiku, mchoro wa Kijapani wa kutundikwa, na mwongozo huu ni wa mtu anayeishika kwa mara ya kwanza na hajui aanzie wapi.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Kakejiku haikutengenezwa ikae ukutani. Makao yake ni sandukuni. Hutoka kwa sababu maalumu, iwe msimu, sherehe au ujio wa mgeni, ikatazamwa kwa muda, kisha ikarudi. Kinachoziua nyingi ni kutundikwa sebuleni na kusahauliwa hapo miaka, hariri ikapauka na karatasi ikajikunja pembeni. Kwa michoro iliyotangazwa kuwa mali kuu za utamaduni, miongozo ya serikali ya Japani imekuwa ikitaka isionyeshwe zaidi ya siku 60 kwa mwaka, na ile inayopauka upesi ikae nje muda mfupi zaidi ya huo. Yako huenda si hazina ya taifa, lakini hariri ni ile ile na jua ni lile lile.

Hatua ya kwanza: zijue sehemu zake

Tandaza shuka safi juu ya meza pana, ilaze kakejiku, ikunjue nusu tu. Vua pete, saa na bangili kabla hujaigusa. Mikono iwe imeoshwa na kukauka kabisa, bila mafuta ya kupaka. Glovu si lazima, na kwa kweli mimi sizipendi, maana zinakwama kwenye nyuzi na unapoteza hisia za vidole.

Katikati ndipo ulipo mchoro wenyewe, honshi kwa Kijapani, uliochorwa juu ya hariri au juu ya washi, karatasi ya jadi ya Kijapani. Kila kinachouzunguka ni kazi ya fundi mwingine kabisa, anayeunda fremu ya vitambaa na karatasi iitwayo hyogu. Vipande viwili vyembamba vya zari vinavyougusa mchoro juu na chini ni ichimonji, na hapo ndipo fundi huweka kitambaa chake bora kuliko vyote. Eneo la juu kabisa huitwa mbingu na la chini huitwa ardhi. Mbingu huwa ndefu kuliko ardhi, mara nyingi kwa kiasi cha maradufu, hivyo usidhani mchoro wako umebandikwa upogo. Tepe mbili zinazoshuka kutoka juu, futai, ni pambo tu. Juu kuna kijiti chembamba chenye vipete vya chuma na kamba ya kutundikia. Chini kuna fimbo nzito ya mviringo, ambayo ncha zake mbili zinazochomoza ndizo utakazozishika kila unapoiviringisha. Uzizoee hizo ncha, kwa sababu ndizo pekee unazoruhusiwa kuzishika kwa nguvu kidogo.

Usichokiona ni mgongo wake. Nyuma ya mchoro zimebandikwa karatasi za washi, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi ya wanga wa ngano. Kwa tabaka za mwisho mafundi wa jadi hutumia gundi iliyowekwa kwenye mitungi mahali pa baridi kwa takriban miaka 10 mpaka nguvu zake zinapungua. Udhaifu huo unatafutwa makusudi. Gundi kali ingeifanya kakejiku iwe ngumu na ipasuke ikiviringishwa, wakati gundi dhaifu hubaki laini, na baada ya miongo mingi fundi anaweza kuilainisha kwa maji, akatoa karatasi kuukuu na kubandika mpya bila kuujeruhi mchoro. Ukilielewa hili, utaelewa kwa nini huko mbele ninakukataza gundi ya dukani.

Kuna pia gofun, rangi nyeupe itokanayo na maganda ya chaza yaliyosagwa kuwa unga laini na kuchanganywa na gundi ya ngozi. Vikombe vya mikono ya pweza, tumbo la samaki na povu la mawimbi mara nyingi ni gofun. Inapopakwa nene hupendeza, na ndiyo ya kwanza kupasuka na kudondoka kakejiku ikiviringishwa kwa kukazwa. Kwa hiyo mchoro wenye samaki wa matumbo meupe unahitaji mkono mwepesi kuliko ule wa wino mweusi mtupu.

Hatua ya pili: kagua kabla ya kusafiri nayo

Anza na zile ncha mbili za fimbo ya chini. Zinaweza kuwa za mbao, mbao zilizopakwa laka, kauri, mfupa, plastiki, au pembe za ndovu. Kakejiku za zamani zenye pembe halisi si chache, na ndani ya Japani biashara ya pembe imeendelea kuruhusiwa. Kuivusha mpaka ni habari nyingine. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na Kenya na Tanzania hazina mzaha na mtu anayekutwa na pembe bila kibali, hata kama ni vipande viwili vidogo kama vifundo vya kabati. Itazame ncha kwa kioo cha kukuzia, pale kwenye mkato bapa. Pembe halisi huonyesha mistari myembamba inayokatizana kama wavu, ilhali mfupa huonyesha vijitundu na vistari vifupi vyeusi, na plastiki aghalabu haionyeshi kitu. Ukiwa na shaka, mwombe fundi akubadilishie ncha za mbao kabla ya kusafirisha. Ni kazi ndogo, na inakuepusha na mazungumzo marefu forodhani.

Baada ya hapo chunguza kama mchoro ni wa mkono au umechapishwa. Kioo cha kukuzia kinatosha, hata kamera ya simu ukiivuta karibu. Vinukta vidogo vilivyojipanga kwa utaratibu ni chapa ya mashine. Kwenye mchoro wa mkono utaona wino umekolea pale brashi ilipotua, ukapauka kadiri ilivyoishiwa, na umezama ndani ya nyuzi za hariri badala ya kuelea juu yake. Angalia na muhuri mwekundu pembeni mwa saini. Wino wa muhuri halisi una unene kidogo, unauona ukiutazama kwa ubavu kwenye mwanga. Zipo pia za katikati, ambazo mistari yake imechapishwa kisha rangi zikapakwa kwa mkono, na hizo huwachanganya hata wazoefu.

Ikiwa yako ni chapa, usinune. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, yenye unyevu na upepo wa chumvi, chapa nzuri ni chaguo la busara kuliko mchoro wa mkono wa miaka 200. Na usiyaamini sana maandishi ya kifuniko cha sanduku. Sanduku lililosainiwa na mchoraji mwenyewe huongeza thamani, na ndiyo sababu masanduku huhama kutoka mchoro mmoja kwenda mwingine. Linganisha saini ya kifuniko na ya mchoro, na pima kama kakejiku inakaa sawasawa sandukuni. Ikicheza cheza humo ndani, au ikiingia kwa kusukumwa, huenda sanduku si lake.

Hatua ya tatu: mtambue kiumbe, ujue siku yake ya kutoka

Mjapani anayefuata desturi hatundiki kaa kwa sababu tu anampenda kaa. Kila kiumbe ana msimu au shughuli yake, na hapa ndipo raha ya kakejiku ilipo, hasa kwa sisi tuliolelewa na soko la samaki.

Samaki mwekundu mwenye mwili mpana, ambaye umbo lake litakukumbusha changu, kwa Kijapani huitwa tai (usimchanganye na ndege wetu tai). Huyu ndiye samaki wa heri. Huchorwa kwapani mwa Ebisu, mungu wa wavuvi na wafanyabiashara mwenye fimbo ya uvuvi, na hutoka mwaka mpya, harusini na duka jipya linapofunguliwa. Mwenzake ni ise-ebi, kambakoche wa Japani, wa jenasi moja na hawa tunaowavua Lamu, Kilwa na Pemba. Mgongo wake uliopinda na ndevu zake ndefu humfanya awe picha ya mzee aliyejaliwa umri, kwa hiyo naye ni wa mwaka mpya na wa sherehe za wazee. Ukimwona kasa anayeburuta mkia mrefu wa manyoya ya kijani, mkia huo ni mwani uliomwota mgongoni kwa kuishi sana. Mara nyingi yuko na korongo, na wawili hao ni wa harusi.

Magamba ya hamaguri, aina ya chaza wa mchangani, hutundikwa karibu na tarehe 3 Machi, sikukuu ya watoto wa kike. Kila gamba la hamaguri hukubaliana na pacha wake tu, ukijaribu kulifunga na la mwingine halishiki, na kwa hiyo limekuwa alama ya ndoa isiyochanganywa. Mabibi wa zamani walichora picha za dhahabu ndani ya magamba hayo na kucheza mchezo wa kutafuta pacha. Katsuo, ndugu yake jodari, ni wa mwanzo wa kiangazi. Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, watu walishindana kumla wa kwanza wa mwaka hata kwa bei ya kujitia umaskini. Bunju, fugu kwao, ni wa majira ya baridi, ndipo anapoliwa, na sumu yake wanaijua vizuri kama tunavyoijua sisi.

Kaa mwenye gamba lililokunjamana kama uso wa mtu aliyekasirika ni heikegani. Husimuliwa kuwa ni roho za wapiganaji wa ukoo wa Heike walioangamia baharini kwenye vita vya Dan-no-ura mwaka 1185. Mchoro mzuri, lakini sio wa harusini. Pweza hana siku maalumu, na wachoraji wengi humchora kwa mzaha, kwa hiyo ni mgeni wa wakati wowote. Kuna mmoja tu ambaye watu humkosea: samaki mnene mwenye ndevu fupi anayepanda maporomoko ya maji. Huyo ni koi, samaki wa maji baridi, na anahusishwa na watoto wa kiume na tarehe 5 Mei. Usimtambulishe kwa wageni kama samaki wa baharini.

Si lazima uifuate kalenda ya Kyoto ukiwa Tanga. Kasa kwenye wiki ya harusi ya binti yako yuko mahali pake, na jodari anaweza kutoka msimu wake unapoanza kwenu. Na kama nyumbani kwenu picha za viumbe wenye roho hazitundikwi ukutani, kakejiku inaweza kukaa sandukuni na ikafunguliwa mezani kwa mgeni anayependa kuiona, kisha ikafungwa. Huko Japani nako nyingi huishi hivyo hivyo muda mwingi wa mwaka.

Hatua ya nne: chagua ukuta

Jua lisiufikie mchoro saa yoyote ya siku, hata la jioni linalopenya kwa pembe. Usiitundike mkabala na kiyoyozi, juu ya jiko, wala kwenye ukuta wa nje unaotoa jasho wakati wa masika. Ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba viwili ndio mzuri. Taa ya kawaida ya chumba inatosha, na taa kali ya kumulika picha iachie duka la simu.

Kwenye nyumba ya Kijapani huwekwa kwenye tokonoma, kijichumba kidogo kilichoinuliwa ukutani, na mtazamaji hukaa chini kwenye mkeka wa tatami. Kwetu wengi hukaa kwenye kochi, kwa hiyo kitovu cha mchoro kiwe karibu na usawa wa macho ya mtu aliyeketi, au juu kidogo. Fimbo ya chini isiguse sakafu, kabati wala mgongo wa kochi. Pima urefu wote kabla ya kupigilia msumari, kwani kakejiku nyingi huzidi mita moja na nusu, na baadhi hukaribia mbili.

Upepo ni adui wa nyumba za pwani. Dirisha likiwa wazi kakejiku hupepea, ncha za fimbo zinagonga ukuta na pembe za karatasi zinalegea. Wajapani hutundika vizito viwili vidogo vya kauri kwenye ncha za fimbo, vinavyoitwa fuchin. Vifuko viwili vidogo vya mchanga vilivyoshonwa kwa kitambaa laini vinafanya kazi ile ile, mradi viwe na uzito sawa na viwe vyepesi. Kipupwe kikizidi, ishushe.

Hatua ya tano: itundike

Utahitaji msumari au ndoano imara, na fimbo ndefu yenye panda mwishoni. Wajapani wanayo yao iitwayo yahazu, lakini mwanzi wenye panda iliyosuguliwa laini unatosha. Ukuta ukiwa mfupi, mikono na kigoda thabiti vinatosha pia.

Ilaze kakejiku mezani, fungua utepe, ondoa kikaratasi kilichowekwa chini ya utepe na ukitunze sandukuni. Ikunjue kiasi cha shubiri moja na nusu tu. Nyoosha zile futai mbili kwa kufuata mikunjo yao ya zamani. Usogeze utepe wa kufungia upande wa kulia, ili usiutie kivuli mchoro, na uhakikishe kamba ya kutundikia imekaa katikati.

Ingiza panda ya fimbo kwenye kamba, katikati kabisa. Mkono wa kulia unainua fimbo, mkono wa kushoto unaushika mviringo kwa chini. Hapa watu hukosea kwa kuuachia ule mviringo ukajikunjua wenyewe, fimbo nzito ikashuka kwa kishindo na kuuvuta mchoro. Usiuachie hata mara moja. Kamba ikishakaa kwenye msumari, weka fimbo ya mwanzi pembeni, shika ncha mbili kwa mikono yote miwili na uishushe taratibu, usawa kwa usawa, mpaka iishe. Rudi nyuma hatua kadhaa uone kama imenyooka. Ikiwa imeinama upande mmoja, sogeza kamba kidogo kwenye msumari, usivute kitambaa.

Siku mbili za mwanzo inaweza kuwa na mikunjo ya mawimbi. Iache. Uzito wa fimbo utainyoosha wenyewe. Usiipige pasi na usiinyunyizie maji.

Hatua ya sita: itazame

Sasa keti. Kwenye chumba cha chai mgeni hupiga magoti mbele ya kakejiku na kuinama kabla ya kuitazama. Hata bila kupiga magoti, utaona tofauti ukiitazama kutoka chini na ukiipa muda.

Jambo la kwanza litakalokushangaza ni kwamba hakuna bahari. Samaki wanaelea kwenye hariri tupu, bila upeo, bila miamba, bila mwanga wa juu. Ule utupu ndio maji. Mchoraji amekuachia uyajaze mwenyewe, na akitaka kukusaidia ataweka unyasi mmoja wa mwani uliopinda, nawe utajua mkondo unaelekea wapi.

Ukitaka kujizoeza jicho, tafuta picha za kazi ya Ito Jakuchu, aliyezaliwa Kyoto mwaka 1716. Familia yake ilikuwa na duka la jumla la mboga kwenye soko la Nishiki, ambako samaki pia waliuzwa tangu zamani. Alipofika miaka 40 alimwachia mdogo wake biashara, akabaki na brashi. Kuanzia karibu mwaka 1757, kwa miaka kama 10 hivi, alichora kakejiku 30 za hariri za viumbe hai, kila moja yenye urefu wa takriban sentimita 142 na upana wa 79, akazitoa kwa hekalu la Shokoku-ji. Mbili kati ya hizo ni za samaki wa baharini na moja ni ya magamba ya baharini.

Kwenye moja ya zile za samaki kuna pweza mkubwa, na kwenye mkono wake mmoja kajibana kipweza kidogo. Wengi huupita mchoro huo bila kukiona. Tazama pia jinsi samaki karibu wote wanavyoelekea upande mmoja, kila mmoja akionyesha ubavu wake wote, magamba yakiwa yamehesabiwa. Hivyo ndivyo samaki anavyoonekana akiwa amelazwa kwenye meza ya muuzaji, si akiwa anaogelea, na mimi nadhani kijana wa sokoni ndiye anayezungumza hapo kuliko mpiga mbizi. Jakuchu alipaka rangi hata upande wa nyuma wa hariri ili zipenye na kulainika mbele. Na mmoja wa samaki wake, mwenye buluu nzito, alipopimwa wakati wa kazi ya ukarabati, alikutwa na buluu ya Prusia, rangi iliyotengenezwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Ni miongoni mwa matumizi ya mapema kabisa ya rangi hiyo yanayojulikana Japani, wakati ambapo nchi ilikuwa imefunga milango na bidhaa za Ulaya zikiingia kupitia bandari ya Nagasaki peke yake.

Mwaka 1889 hekalu, likiwa na dhiki, lilizikabidhi kwa nyumba ya kifalme na kupewa yen 10,000, fedha zilizoliwezesha kubaki na ardhi yake. Leo ziko kwenye makumbusho ya mkusanyo wa kifalme mjini Tokyo, na mwaka 2021 zilitangazwa kuwa hazina ya taifa. Zilipoonyeshwa Tokyo mwaka 2016 kwa siku 31, walikuja watu zaidi ya 440,000, na siku nyingine foleni ilizidi saa 5. Rangi zake bado kali hivyo kwa sababu zimeishi gizani, zimeviringishwa, karibu umri wao wote.

Hatua ya saba: ishushe na kuiviringisha

Chagua siku kavu. Kuiviringisha siku ya mvua ni kuufungia unyevu ndani. Ipanguse kwanza kwa brashi laini ya manyoya, kutoka juu kwenda chini, bila kukandamiza, na usiguse sehemu ambazo rangi imeinuka.

Shika ncha mbili za chini na uanze kuviringisha kuelekea juu, ikiwa bado imetundikwa. Mikono yote iende mwendo mmoja. Ikianza kwenda upande, usiisukume kurudi. Ikunjue mpaka pale ilipoharibika kisha uanze upya. Ikifika usawa wa kifua, itoe kwenye msumari kwa panda, ilaze mezani na umalizie hapo. Ukifika juu, zilaze futai kwa kufuata mikunjo yake ile ile.

Usiikaze. Mkeka tunauviringa, tunaugonga kichwani, tunaukaza na kamba. Kakejiku ukiikaza hivyo baada ya kuiviringisha, tabaka zinasuguana na gofun inapasuka. Mviringo uwe umeshikana bila kubanwa. Rudisha kile kikaratasi mahali pake, zungusha utepe mara tatu juu yake, fanya kitanzi na ukipitishe chini ya kamba ya kutundikia. Usipige fundo. Utepe uliokazwa huacha alama mgongoni ambayo haitoki.

Kwa mchoro wa thamani au wenye rangi nene, mwagize fundi futomaki, bomba la mbao linalofungwa juu ya fimbo ya chini ili kuinenepesha. Mviringo ukiwa mpana, mikunjo inapungua sana.

Hatua ya nane: sanduku, unyevu na wadudu

Sanduku la jadi ni la mti wa kiri, mwepesi na mkavu, unaovimba kidogo hewa ikiwa na unyevu na hivyo kuziba mianya. Usilitupe hata likiwa limechakaa. Kama huna, funga kakejiku kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila marashi, uiweke kwenye boksi la karatasi lisilo na asidi. Mfuko wa plastiki uliofungwa ni kaburi, unyevu ukiingia hautoki.

Unyevu wa hewa unaofaa ni kati ya asilimia 50 na 60. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam mara nyingi hupita hapo, kwa hiyo sanduku likae rafu ya juu, mbali na sakafu na lisigusane na ukuta. Kifuko kimoja cha silika jeli ndani ya kabati, si ndani ya sanduku, kinasaidia. Kwenye nchi za Ghuba za Kiarabu, ndani ya vyumba vinavyopozwa usiku na mchana, shida hugeuka, hewa inakauka mno na pembe zinajikunja kama majani ya mgomba. Huko usiitundike kwa muda mrefu, na usiiweke karibu na tundu la kiyoyozi.

Wadudu wanaifuata gundi, kwa sababu ni unga wa ngano. Kuna vile vidudu bapa vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu kikuukuu, na kuna mende. Tumia aina moja tu ya dawa, iliyofungwa kwenye karatasi na isiyogusa mchoro. Ukichanganya kafuri na naftalini huyeyuka kwa pamoja na kutoa madoa ya mafuta.

Angalau mara moja au mbili kwa mwaka itoe ipate hewa, hata kama hutaki kuitundika kwa muda mrefu. Wajapani hufanya hivyo hewa inapokauka baada ya majira ya mvua, hasa vuli yao ya Oktoba na Novemba. Kwetu subiri siku kadhaa za ukavu mfululizo, kwa mfano Januari au Februari katika sehemu nyingi, uitundike kivulini saa chache na uikague mgongo na mbele.

Hatua ya tisa: ikiharibika

Madoa ya kahawia kama mabaka ya kutu, ukungu, karatasi iliyojitenga, mpasuko kwenye mkunjo: yote haya yana dawa kwa fundi wa hyogu, na hayana dawa kwako. Ukungu mbichi unaweza kuutenga, kwa kuitoa kakejiku mbali na nyingine na kuiacha kwenye hewa kavu, lakini usiufute. Kufuta kunausugua ndani ya hariri.

Usitumie selotepu wala gundi nyeupe ya dukani, na usiipeleke kwa fundi wa fremu akaibandike kwenye ubao chini ya kioo. Gundi hizo zinashika kwa nguvu isiyorudi nyuma, na zile tabaka za washi zilizokusudiwa kubanduliwa siku moja hazitabanduka tena. Weka vipande vilivyodondoka kwenye bahasha, uandike tarehe, uiweke sandukuni. Fundi anaweza kuvirudisha.

Aliye Uingereza au Marekani ana bahati kidogo. British Museum mjini London ina studio ya Hirayama inayoshughulikia michoro ya Asia Mashariki, na makumbusho ya Smithsonian mjini Washington nayo ina studio yake ya kazi hiyo. Taasisi kama hizi huhudumia makusanyo yao kwanza, lakini unaweza kuziuliza ni fundi gani binafsi wa kumwendea. Aliye Afrika Mashariki mara nyingi itabidi aitume Japani, na bei ya kuitengeneza upya mara nyingi huzidi bei ya kuinunua. Kwa kakejiku ya bei ndogo, mimi ningeiacha na mpasuko wake, ningeitundika siku chache tu kwa mwaka, na fedha hizo ningetafutia nyingine yenye kambakoche.